Kulea Kabla ya Kupendana: Mapenzi na Malezi ya Kambo katika Kidagaa Kimemwozea

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatambua njia mbili za kumpatia mtoto familia mpya, ambazo katika Kiswahili cha maofisa wa ustawi wa jamii huitwa kuasili na malezi ya kambo. Istilahi hii ya pili ina mzigo. Katika ngano na methali zetu, kambo ni neno la mateso: mama wa kambo hunyima chakula, hupiga, hufukuza. Riwaya nayo imeurithi mtazamo huo. Katika Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rehema anaikimbia nyumba ya baba yake na mama wa kambo, na anayemwokoa ni Sulubu, mtu asiye na undugu naye wa damu. Ofisa anapomwomba mkazi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, awe mzazi wa kambo, anamwomba ajiite kwa jina ambalo fasihi imelitumia miaka na miaka kuwatishia watoto. Mkazi huyohuyo huenda tayari analea watoto wa marehemu dada yake. Wao humwita mama mdogo, na hakuna jirani anayethubutu kumwita wa kambo.

Pengo hili kati ya istilahi na desturi linasaidia kuisoma upya Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, riwaya iliyosomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya kama kitabu cha lazima. Uhakiki wake umejikita katika uongozi: udhalimu wa Mtemi Nasaba Bora, ardhi iliyoporwa, mswada ulioibwa. Usomaji huo ni sahihi, ila umeiacha pembeni hadithi nyingine iliyomo humohumo. Ni hadithi ya mapenzi, tena mapenzi safi, baina ya vijana wawili waliofiwa na kudhulumiwa, ambao wanajifunza kupendana kwa kulea watoto wasio wao.

Amani na Imani wanakutana, kila mmoja na msiba wake, kisha wanaingia Sokomoko kutafuta kazi. (Majina yao yanatofautiana kwa irabu moja tu, fonolojia imekwisha kuwafungisha ndoa kabla hawajajuana.) Mtoto mchanga anapoachwa kwenye kibanda cha Amani, wawili hao wanakuwa wazazi bila kuwa wachumba. Riwaya pendwa ya Kiswahili imezoea kuanza na barua, ahadi na wivu, ikaishia harusini. Hapa mapenzi yanaanza na kazi. Sarufi yenyewe inaonyesha tofauti hiyo. Kitenzi penda hupokea kiambishi cha kutendana bila shida, tukapata pendana. Kitenzi lea hakikipokei kwa urahisi, kwa kuwa malezi huelekea upande mmoja, kwa mlelewa. Watu wawili hawaleani. Wanalea pamoja, na lazima awepo wa tatu. Walibora anawapitisha wahusika wake katika kulea pamoja kabla ya kuwafikisha katika kupendana, na ndiyo sababu penzi lao linaaminika kuliko mapenzi mengi yaliyotangazwa kwa maneno matamu.

Kasoro iko katika jina la mtoto. Akishaitwa Uhuru, anakoma kuwa mtoto wa kulelewa na anakuwa ishara ya kufasiriwa. Anaugua, anakosa huduma hospitalini, anakufa, na walezi wake wanatiwa korokoroni kwa tuhuma za kumwua. Kisiasa hesabu inakamilika: taifa limeuacha uhuru wake ufe. Kimalezi, riwaya imekwepa kazi. Methali isemayo kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, inahusu miaka: ada ya shule, maswali kuhusu mzazi aliyeondoka, siku mtoto anapomwambia mlezi kwamba yeye si mama yake. Uhuru anaondolewa kabla hajaweza kutamka lolote kati ya hayo. Anaweza kutokea mtetezi aseme kwamba istiara ilidai kifo hicho. Hoja ina nguvu, lakini haielezi kwa nini majonzi ya walezi yanamezwa upesi hivyo na kesi yao.

Malezi yanayodumu yamo nyumbani kwa Mwalimu Majisifu, mahali ambapo wahakiki hupita haraka. Imani anaajiriwa huko kama mtumishi na kuwatunza watoto wenye ulemavu, ambao baba yao anawaonea aibu na kukimbilia pombe, huku mama yao, Dora, akiwa amechoka. Hakuna istiara ya taifa inayombana hapa, na Imani anabaki pale ambapo ingekuwa rahisi kuondoka. Msomaji wa Iringa atamtambua mara moja. Kwa miongo mingi mabinti wa mkoa huo wamekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wakalea watoto wa wengine kwa mshahara mdogo, wakaitwa dada na watoto hao. Mhusika huyu wa kawaida kabisa ni nadra kupewa hadhi ya mpendwa katika riwaya ya Kiswahili. Walibora amempa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 uliripoti maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 kwa watu wazima wa Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati kiwango cha Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja kilikuwa 5.1. Katika mikoa hii, malezi baada ya msiba ni mada ya kila mtaa. Walibora alikwisha kuigusa kwa upande wa mtoto katika Siku Njema (1996), ambamo Kongowea anafiwa na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, na kubaki mikononi mwa jamaa. Yule aliyelelewa anasimulia mwenyewe, lakini waliomlea si wapenzi tunaowafuata. Katika Kidagaa Kimemwozea wapenzi wapo, na mlelewa hana sauti. Msomaji wa Mwanjelwa anazidai zote mbili katika kitabu kimoja: mtoto wa miaka 12 anayemtazama mama mdogo wake mjane akiposwa, asijue kama mchumba huyo atamchukua na yeye.