Chema Kisichojiuza

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli mwingi katika biashara ya nazi na ndizi, kwa sababu mnunuzi huona kwa macho yake kile anachokinunua. Katika nyimbo ukweli wake hupungua. Wimbo hauonekani, husikika tu, na usiposikika huwa kama ambao haukuimbwa kamwe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba tuipime pamoja methali hiyo kwa nyimbo zilizoimbwa nchini Kenya katika miaka ya 1950.

Wimbo mmoja wa zama zile unajulikana karibu duniani kote, nao ni Malaika. Fadhili William aliuimba katika santuri, Miriam Makeba akauchukua mpaka majukwaa ya ng'ambo, na mwaka 1981 kikundi cha Boney M. kikautoa tena kwa mtindo wake. Uzuri wa wimbo huu haukanushiki. Lakini mwombe kijana wa leo akutajie wimbo wa pili wa wakati ule, na aghalabu atanyamaza. Je, kimya chake ni hukumu kwamba nyimbo nyingine hazikuwa na thamani? La, hasha. Kusahauliwa ni msiba, si hukumu.

Sababu za msiba huu ni za kawaida kabisa. Nyimbo zile zilitolewa kwa sahani za santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ulichukua wimbo wa dakika 3 hivi. Sahani hizo zilikuwa ngumu lakini dhaifu. Zikianguka zilivunjika kama kigae, na zikipigwa sana zilikwanguliwa na sindano. Kisha zikaja sahani ndogo za plastiki za mizunguko 45, na zile nzito zikatupwa ghalani. Wimbo mwema uliweza kufa kwa kuteleza mkononi mwa mtoto.

Tazama kazi ya Fundi Konde. Alizaliwa mwaka 1924 katika pwani ya Kenya, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika kikosi cha kuwatumbuiza askari. Baada ya vita alirekodi nyimbo nyingi Nairobi. Tausi ni mojawapo, na mpenzi katika wimbo huo hulinganishwa na ndege mzuri. Katika nyimbo zake usitafute kelele wala haraka. Sauti mbili hukwenda sambamba kama watu wawili wapitao njia moja, na gitaa huwafuata kwa adabu bila kuwakatiza. Mahadhi yake yana chembe ya rumba ya Kuba, iliyoenea Afrika kwa sahani za santuri tangu miaka ya 1930, lakini maneno ni Kiswahili safi cha pwani, na mwendo wake ni wa mtu anayezungumza na jirani barazani. Mwaka 1994 nyimbo zake za miaka ya 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya nchini Uingereza. Alifariki mwaka 2000. Alipata basi miaka sita ya kuona kazi ya ujana wake ikitembea tena. Wenziwe wengi hawakupata hata siku moja.

Mfano wa pili unatoka bara. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na chombo cha kunasa sauti, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Wasichana wa huko walimwimbia wimbo mfupi uitwao Chemirocha. Jina hilo ni jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, lililogeuzwa na ndimi za Wakipsigis baada ya kusikia santuri zake. Tracey alieleza kuwa waimbaji walimdhania mgeni huyo kuwa nusu mtu na nusu paa. Kisa hicho kiliwapendeza sana wasikilizaji wa mbali, hata pengine kikaufunika wimbo wenyewe. Lakini kiache kando usikilize. Sauti moja nyepesi hutangulia, wenzake humwitikia, na nyuzi hurudia mwendo wao bila kuchoka. Wimbo unasimama kwa miguu yake hata bila kisa.

Wimbo huu ulikaa katika maktaba ya muziki huko Afrika Kusini, ukasikiwa na wageni wa nchi nyingi, ilhali watu wa Kapkatet hawakuwa nao. Mwaka 2015 ulirudishwa kwao, na baadhi ya watu waliorekodiwa na Tracey wakiwa vijana walikutwa wangali hai. Hapo tunaona kuwa miongoni mwa watu wanaostahili kugawiwa wimbo uliosahauliwa, wa kwanza ni wenyewe.

Sasa nakugeukia wewe, msomaji. Yamkini nyumbani kwenu upo wimbo kama huo, katika sahani, katika kanda, au katika kinywa cha nyanya yako. Siku hizi kuwapelekea wenzako si kazi. Simu hufanya hivyo kwa nukta moja. Lakini mtu anayetupa wimbo mbele ya watu na kusema tu, "Sikilizeni, ni wa zamani," hakutoa kitu. Uzee si sifa. Mbuyu ni mzee na jiwe ni zee. Sema wimbo una uzuri gani: ni mahadhi, ni maneno, ni namna gitaa linavyojibu sauti? Ukishindwa kusema, sikiliza mara ya pili na ya tatu kabla hujamwita rafiki yako.

Zaidi ya hayo, toa jina la mwimbaji, na la mtunzi kama lajulikana. Hata Malaika, pamoja na umaarufu wake wote, umeleta mabishano juu ya mtunzi wake. Wapo wanaomtaja Fadhili William na wapo wanaomtaja Adam Salim. Ikiwa wimbo mashuhuri umepatwa na hayo, wimbo mnyonge utapatwa na mangapi? Kugawa wimbo bila jina ni kumla nazi mkwezi bila kumshukuru.

Tena usiogope kutaja kasoro. Si kila kilichosahauliwa kilionewa. Zipo nyimbo za miaka ile zilizoiga Kuba neno kwa neno na pigo kwa pigo. Zipo ambazo mpenzi hulalamika ndani yake kwa maneno yaliyokwisha chakaa. Na zipo zilizotungwa kusifu vinywaji na dawa za madukani. Baadhi ya hizo za mwisho zilipigwa na mafundi hodari mno, na yakupasa kusifu vidole vyao bila kununua maneno yao. Rafiki anayejua kwamba husifu kila kitu atakuamini siku utakapomwambia kwamba umepata kitu chema.

Sitaki kumtoa mhenga makosani. Huenda alisema kweli, lakini alikuwa akisema habari za bidhaa iliyokwisha fika sokoni. Wimbo uliolala ghalani haujafika huko, wala hauna miguu. Mwenye miguu ni wewe. Ufute vumbi, uujue jina lake, uupime kwa haki, kisha uupeleke kwa watu. Ukifika hapo, uache. Kama ni chema kweli, utajiuza wenyewe.