Suti Kavu na Haja Ndogo: Namna ya Kutambua Kazi Nzuri

Ukitaka kujua kama mzamiaji wa maji baridi ana vifaa vya maana, usianze na mtungi wake wala taa yake. Mtazame asubuhi kabla hajavaa. Je, anakunywa maji, au anayakwepa? Anayekwepa maji anakiogopa kibofu chake, na hofu hiyo hutoka kwenye suti iliyotengenezwa vizuri kila mahali isipokuwa pale panapohusu haja ndogo. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza: suti nzuri humwacha mwenyewe anywe.

Mzamiaji wa Pemba au Mafia hana shida hii. Maji ya kwao yana joto, suti yake huingiza maji, na akibanwa hujisaidia humo humo, bahari ikachukua. Suti kavu haina nafasi hiyo. Zipu yake haipitishi tone, shingoni na kwenye vifundo vya mikono imebanwa kwa mpira, na ndani huvaliwa nguo nene za kutunza joto. Ndiyo vazi la Silfra, ule ufa wa Iceland ambao maji yake hubaki kati ya nyuzi 2 na 4 mwaka mzima. Ndiyo vazi la Scapa Flow pia, huko Scotland, yalipo mabaki ya manowari ambazo Wajerumani walizizamisha kwa mikono yao tarehe 21 Juni 1919. Mkojo ukimwagika ndani ya vazi hilo, nguo hulowa, na nguo iliyolowa haitunzi joto. Aibu ni jambo dogo hapo. Baridi ndiyo inayomkatiza mtu mbizi yake.

Na mkojo utakuja tu. Baridi huibana mishipa ya ngozi, maji nayo huisukuma damu kutoka miguuni kuelekea kifuani. Moyo huhisi damu imezidi, mwili hupunguza homoni inayozuia mkojo, na figo huanza kazi. Hata aliyeshinda na kiu atabanwa. Kwa hiyo kujinyima maji hakuponyi kitu: unashuka ukiwa mkavu, unazidi kukauka huko chini, na madaktari wa uzamiaji huhesabu upungufu wa maji mwilini miongoni mwa mambo yanayoweza kuongeza hatari ya maradhi ya viputo vya naitrojeni yanayompata mtu anapopanda.

Nepi ya watu wazima ni njia ya zamani, na sina ugomvi nayo kwa mbizi moja fupi. Lakini suti hubanwa na maji, nepi nayo hubanwa na suti, na ilichokinywa hukitema kwenye nguo. Anayekaa chini zaidi ya saa moja, au anayeshuka mara mbili kwa siku, anahitaji vali.

Vali ya mkojo ni kifaa kidogo kinachofungwa pajani mwa suti. Mrija mwembamba huiunganisha na katheta ya nje, yaani mpira laini unaovalishwa uume kama kondomu. Ziko za aina mbili, na tofauti yake ndiyo unayopaswa kuijua kabla hujatoa pesa. Ya kwanza ni tundu lenye kifuniko cha kuzungusha, basi. Unaposhuka, hewa iliyobaki mrijani husinyaa na kuivuta ngozi; ukisahau kuifunga na katheta ikachomoka, maji ya baridi yana njia ya kuingia. Wanaoitumia hutanguliza mkojo kidogo kabla ya kushuka ili mrija ujae. Ya pili imesawazishwa: ina kilango kinachoruhusu mkojo kutoka na kuzuia maji kuingia, na tundu dogo linalolinganisha shinikizo la mrija na la ndani ya suti, kwa hiyo hakuna kuvutwa. Nunua hii ya pili. Richard Harris, daktari wa Australia aliyekuwa miongoni mwa waokoaji wa wale vijana waliokwama katika pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, alikwisha kuandika mwaka 2009 kuhusu wazamiaji walioumia kwa sababu ya vali za mkojo: maambukizi ya njia ya mkojo, na majeraha ya shinikizo. Sehemu ya mwili tunayoizungumzia si ya kufanyiwa majaribio ya bei rahisi.

Dukani, chukua vali mpya na upulize kutoka upande wa mwili: hewa ipite bila kusita. Geuza, upulize kutoka nje: isipite kabisa. Kisha tazama kazi ya fundi aliyeifunga. Tundu kwenye kitambaa liwe duara safi, bila nyuzi zilizochanika, na sehemu hiyo iwe imeongezwa kiraka cha nguvu. Vali ikae katikati ya paja, mbali na mfuko na mbali na mkanda unaopita kati ya miguu. Vaa suti, chuchumaa, inua goti hadi kifuani. Mrija mzuri hauvutiki wala haukunjiki, na kuta zake ni nene kiasi kwamba ukiubana kwa vidole viwili hurudi duara mara moja. Mrija uliokunjika ni hatari kuliko kukosa vali, kwa sababu mkojo utarudi nyuma na kuing'oa katheta wakati wewe unaamini uko salama.

Katheta yenyewe huchaguliwa kwa kipimo, na majivuno yakae kando. Kubwa huvuja, ndogo hubana damu. Nywele za hapo zinyolewe, ngozi iwe kavu, bila mafuta wala losheni. Ikishavaliwa, ishike kiganjani kwa dakika nzima ili gundi ipate joto na kushika. Nchani acha nafasi ndogo tu: ikizidi, mpira utajipinda na kuziba njia.

Wanawake walisahauliwa muda mrefu katika jambo hili. Leo kuna kikombe laini cha silikoni kinachobandikwa kwa gundi ya hospitali na kuunganishwa na vali ile ile. Kinachojulikana zaidi ni She-P cha Uholanzi. Ubora wake uko kwenye ukingo: uwe laini, ulale kwenye mwili bila kuacha mwanya. Kijaribu kwanza bafuni nyumbani, tena ukiwa umelala kifudifudi, maana huo ndio mkao wa mzamiaji, na kinachoshika ukiwa umesimama kinaweza kuachia ukilala.

Majini, usingoje ubanwe sana. Tulia kwenye kina kimoja, ruhusu mkojo utoke polepole na mapema. Ukitoka, suuza mrija na vali kwa maji safi, pitisha dawa ya kuua vijidudu, suuza tena, tundika vikauke. Vali isiyosafishwa ni mbovu hata kama jana ilikuwa bora.

Mwaka 2007 wazamiaji wa mapango Jarrod Jablonski na Casey McKinlay walipita chini ya ardhi kutoka Turner Sink hadi Wakulla Springs, Florida, takriban kilomita 11, na kupanda kwao peke yake kulichukua zaidi ya saa 10. Mbizi ya namna hiyo haifikiriki kwa mtu anayehesabu matone anayokunywa.

Basi unapoagiza suti, taja vali iliyosawazishwa siku ile ile unapopimwa, na umwonyeshe fundi mahali pajani unapoitaka. Akikuambia wateja wake wengi hawaihitaji, tafuta fundi mwingine.