Ufundi wa Kumwita Bata Mzinga

Kwa desturi ya bata mzinga wa porini, jike ndiye anayemfuata dume. Mwezi wa Aprili, katika vilima vya Ozark huko Missouri, dume huamka juu ya mwaloni alikolala, akanguruma kabla jua halijachomoza, kisha akasubiri majike waje. Mwindaji anayeketi chini na kujifanya jike anamwomba ndege huyo apindue desturi ya ukoo wake: ashuke yeye, atembee yeye, amtafute jike asiyemwona. Ugumu wote wa uwindaji wa majira ya machipuko umo humo, na utamu wake pia.

Mzee aliyekubali kunifundisha hakuanza na bunduki. Alinipa kisanduku cha mbao ya mwerezi, chenye kuta mbili nyembamba na kifuniko kilichoshikwa kwa skrubu upande mmoja. Chini ya kifuniko hupakwa chaki. Ukikikokota taratibu juu ya ukingo wa ukuta, mbao inatetea: sauti nyembamba ya juu, ambayo ghafla inavunjika na kushuka kuwa mkwaruzo. Mwaka 1897 Henry Gibson wa Arkansas alipewa hataza ya kisanduku cha namna hii, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Vidole visiguse pale penye chaki, kwa sababu mafuta ya ngozi huua sauti. Maji nayo huiua, ndiyo maana mzee hubeba chake ndani ya mfuko wa mkate.

Ziko zana nyingine. Kuna kibao cha jiwe kinachochorwa kwa kijiti, kuna kiwambo cha mpira kinachobanwa kwenye kaakaa ili mikono ibaki huru, na kuna mrija wa mifupa ya bawa la jike, ambao ni wa kale kuliko zote na unapigwa kwa kuvuta pumzi ndani. Mimi nakipenda kisanduku. Ukisikiliza vizuri, kinakufundisha kwamba sauti tamu haitoshi. Majike wa kweli wengine wana sauti mbovu kabisa, na madume huwafuata vilevile. Kinachomshawishi dume ni mwendo: mapigo matano au sita yanayofuatana kwa nafasi sawa, kimya, kisha mlio mmoja mfupi wa jike anayekula kwa amani. Mwanafunzi hurudia mapigo hayo mpaka mkono uyajue bila kufikiri.

Kwetu sauti ya bundi usiku ni mkosi, na watoto huambiwa waingie ndani. Hapa nilifundishwa kumwiga. Dume aliye juu ya mti humjibu bundi, akanguruma bila kujizuia, na kwa njia hiyo mwindaji anajua alipo bila kumwambia neno lolote la kike. Mzee alipoliita giza kwa sauti ya bundi, mlima wa pili ulijibu. Nilisikia mngurumo ule kifuani kabla ya masikioni. Tulisogea kidogo, tukaketi tumeegemea mti mpana kuliko mabega yetu, na tukanyamaza hadi majani yalipoanza kuonekana rangi.

Alitetea mara moja, taratibu, kama jike anayeamka. Dume akajibu papo hapo. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kisanduku, na mzee akauwekea wake juu. Akaniambia kwa pumzi tu: ameshasikia, anajua tulipo, hata mti tulioegemea anaujua. Tulisikia mabawa yakipiga hewa alipotua, kisha akanguruma akiwa ardhini, kisha kimya.

Kimya hicho ndicho mwalimu mkubwa. Kupe wanapanda mguuni, shingo inauma, na moyo unashawishi uite tena, uite kwa nguvu, au unyanyuke uende ukaone. Ukiita mno, dume husimama palepale alipo na kungoja, kwa kuwa jike mwenye shauku kiasi hicho bila shaka atakuja mwenyewe. Ukinyamaza, yeye ndiye anayeanza kuwa na wasiwasi kwamba ameachwa. Sijaona uwindaji mwingine ambao ndani yake kutotenda kuna nguvu kiasi hiki, na hii ndiyo sifa ninayoipa kazi hii juu ya zote.

Alikuja bila kunguruma. Kwanza nilihisi mrindimo mzito wa chini, usiojulikana unatoka wapi. Kisha kichwa kikatokea nyuma ya gogo: paji jeupe, mashavu ya buluu, na shingo yenye vinundu vyekundu ambavyo vilipauka na kuiva tena kadiri alivyosimama akitazama. Alitunisha manyoya, akatandaza mkia, na jua la kwanza likapita juu ya mgongo wake likigeuka shaba, kijani, zambarau. Macho yake huona karibu pande zote na huzijua rangi vizuri, kwa hiyo hata kope nilizipunguza. Bunduki ya marisau hutumika ndege akiwa karibu, chini ya mita 40, akiwa amenyoosha shingo. Ilipiga mara moja. Nyama tulikula, na mifupa ya mabawa ya ndege wetu mzee aliihifadhi, ingawa kwa mrija mifupa ya jike ndiyo bora.

Ndege huyu alikaribia kutoweka hapa. Misitu ilikatwa, watu waliwinda bila mpaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Missouri nzima ilikuwa imebakiwa na maelfu machache tu. Awali watu walijaribu njia iliyoonekana rahisi: kukuza vifaranga vizimbani na kuwaachilia kwa maelfu. Hawakudumu. Kifaranga asiyelelewa na mama porini hana wa kumwonya kwa sauti kwamba kuna mwewe, wala wa kumkusanya jioni apande mtini. Kilichofaulu ni kuwanasa ndege wa porini kwa nyavu zinazofyatuliwa kwa baruti na kuwahamishia misitu mingine, wakiwa na lugha yao kamili. Sehemu ya fedha za uhifadhi wa namna hii nchini Marekani imetokana na sheria ya mwaka 1937 inayotenga kodi ya bunduki na risasi kwa kazi hiyo. Msimu wa kwanza wa machipuko baada ya juhudi hizo ulifunguliwa Missouri mwaka 1960: siku tatu, kaunti 14, ndege 94. Leo kaunti zote zina msimu huo, na anayeruhusiwa kuwindwa wakati huo ni dume au ndege mwenye ndevu zinazoonekana kifuani, ili majike walalie mayai yao kwa takriban siku 28. Kile tunachokiiga kwa mbao na chaki ni maneno ambayo mama hao waliyalinda tulipokuwa tunawamaliza.

Ndugu zangu mnaozungumza Kiswahili mkiwa Kansas City, St. Louis na kwingineko katika jimbo hili, misitu ya umma ipo na ni yenu pia. Msivae nyekundu, nyeupe wala buluu, na msiunyemelee mngurumo, kwa sababu huenda anayelia ni mwindaji mwenzenu. Anzeni kwa kisanduku na mazoezi ya nyumbani, na mtafuteni mzee wa kuketi naye. Kozi ya usalama wa uwindaji kwa kawaida ni ya lazima kwa mtu mzima aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1967 kabla hajanunua kibali, na msimu wa machipuko hufunguliwa Aprili.