Ufundi wa Kupanga Uwazi Ndani ya Chuma

Elektrodi ya riakta ya kielektrokemia hufanya kazi pale tu uso wake unapogusana na mmumunyo. Bamba bapa lina uso mdogo, kwa hiyo mitambo mingi hutumia nyavu za chuma, povu la nikeli au kitambaa cha nyuzi za kaboni. Kasoro ya povu ni kwamba matundu yake hujipanga ovyo: maji hupita penye wepesi, na sehemu nyingine hutuama bila kazi.

Kwa uchapishaji wa leza, matundu hayo hupangwa na mbunifu mwenyewe. Ndani ya chumba chenye gesi ya argoni hutandazwa tabaka la poda ya chuma lenye unene wa mikromita 30 hivi. Leza huyeyusha palipochorwa, sahani hushuka kidogo, na poda nyingine hutandazwa juu yake. Baada ya saa nyingi hufukuliwa kipande chenye vichochoro ambavyo hakuna keekee ingevifikia.

Hapo ndipo ustadi unapoonekana, maana kinachobuniwa hasa ni uwazi. Umbo linalopendwa ni jairoidi, lililoelezwa na Alan Schoen wa NASA mwaka 1970: uso uliopinda kila upande, usio na kona, unaogawa nafasi kuwa njia mbili zisizokutana kamwe. Maji yakipita humo hulazimika kugeuka tena na tena, na kila mgeuko hupunguza unene wa tabaka la mmumunyo lililokwisha ayoni kandokando ya chuma. Hata hivyo, kila mgeuko huidai pampu nguvu zaidi. Mbunifu hodari hupima yote mawili, na penye mapovu ya gesi huyaachia njia ya kupanda.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha elektrodi ya chuma cha pua yenye matundu, wakaipaka nikeli, kisha wakaipima kwa ayoni za ferisianidi. Kipimo hicho kinavutia kwa unyofu wake. Volti huongezwa hadi mkondo wa umeme ukome kupanda. Hapo kila ayoni inayofika usoni hubadilika papo hapo, hivyo ampea zinazosomwa hueleza jinsi maji yanavyoulisha uso huo.

Kazi haiishii kwenye printa. Punje za poda zilizoyeyuka nusu hunata kwenye kuta za vichochoro. Pengine huondolewa kwa asidi, pengine huachwa kwa sababu huongeza uso. Poda iliyokwama ndani lazima itolewe yote. Upakaji nao ni mgumu: umeme hupenda kingo za nje, na nikeli hujaa huko huku katikati ikibaki nyembamba. Kwa hiyo mkondo hupunguzwa, na mmumunyo wa nikeli husukumwa ndani kupitia vichochoro vilevile.