Simba Hangurumi Kila Saa: Uhakiki wa Somo la Sauti Kubwa na Ndogo katika Shule za Awali

Makala haya yanahakiki somo moja dogo ambalo wanafunzi wetu hulifundisha mara nyingi wanapokuwa katika mazoezi ya kufundisha: somo la sauti kubwa na sauti ndogo kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, kwa kutumia wanyama. Ni kweli kwamba Kiswahili si lugha ya kufundishia katika shule za awali za Rwanda. Hata hivyo, hapa Kigali, na hasa Nyamirambo na Biryogo ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya mtaani tangu enzi za ukoloni, zipo shule zinazowapa watoto nyimbo na msamiati wa Kiswahili mapema, na wanyama ndio hutangulia.

Somo lenyewe karibu kila mara huwa na sura ile ile. Ukutani hubandikwa chati yenye safu mbili. Chini ya maneno "sauti kubwa" wamo simba, mbwa, jogoo na punda. Chini ya "sauti ndogo" wamo paka, kifaranga, sungura na kipepeo. Mwalimu ananyooshea kidole picha, watoto wananguruma mpaka madirisha yanatikisika, kisha wanaambiwa "shhh" na kusema "nyau" kwa kunong'ona. Darasa linachangamka, mgeni anapiga makofi. Tungependa kuuliza swali moja tu: katika dakika zile thelathini, mtoto amesikia nini? Kipepeo, kwa mfano, kuna aliyewahi kusikia sauti yake? Mtoto hakumsikia kipepeo wala simba. Alimwona mwalimu akinyoosha kidole, akakumbuka safu.

Tuanze na maneno, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Kiswahili cha darasani kina mazoea ya kuita sauti kubwa "sauti ya juu" na sauti ndogo "sauti ya chini". "Soma kwa sauti ya juu," husema mwalimu, na kila mtu anamwelewa. Lakini mwalimu wa muziki akisema "sauti ya juu" anamaanisha kitu kingine kabisa, yaani kile ambacho wanaisimu wetu hukiita kidatu: wembamba au uzito wa sauti, si nguvu yake. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kidatu hupimwa kwa hezi. Mambo haya mawili hayafuatani. Mbu anapozunguka sikioni usiku, sauti yake ni nyembamba sana, lakini ni ndogo. Jogoo naye ana sauti nyembamba, lakini inavuka bonde zima. Simba ana sauti nzito na kubwa. Njiwa akilia juu ya paa, sauti yake ni nzito kiasi, tena ndogo. Wanyama hawa wanne wanatosha kumwonyesha mtoto kwamba kuna vipimo viwili, si kimoja, na kwa kweli hatujui chombo kingine rahisi kuliko hicho kwa umri ule. Chati ya safu mbili inawatupa wote katika kipimo kimoja na kuipoteza nafasi hiyo.

Zaidi ya hapo lipo neno "polepole". Mtoto mdogo amelala, mama anawaambia wakubwa, "Semeni polepole." Hawaambii wakawie kutamka, anawaambia wapunguze sauti. Mwalimu akilitumia neno hili darasani bila kulifafanua, nusu ya watoto watapunguza mwendo na nusu watapunguza sauti, na wote watakuwa wametii. Tumeona mwanafunzi wa mazoezi akikasirika kwa sababu watoto waliimba wimbo wa paka kwa mwendo wa kobe huku wakipiga kelele vile vile. Watoto hawakukosea. Maneno "kubwa" na "ndogo" yatumike kwa nguvu ya sauti, "nyembamba" na "nzito" kwa kidatu, "haraka" na "polepole" kwa mwendo, angalau mpaka masikio yazoee. Baadaye maisha yatayachanganya yenyewe.

Mnyarwanda hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa tofauti hii. Katika kundi la ngoma zetu, ishakwe ndiyo ndogo kuliko zote na sauti yake ndiyo nyembamba kuliko zote. Lakini ndiyo inayoongoza mdundo, na husikika juu ya ngoma kubwa zote zinazonguruma chini yake. Mtoto aliyewahi kufika kwenye sherehe amekwisha kuijua kwa masikio. Kinachobaki ni kumpa jina lake.

Sasa tuingie katika jambo ambalo vitabu vingi vya watoto hulipita haraka. Kinyarwanda kina kitenzi maalumu kwa sauti ya karibu kila mnyama wa nyumbani na wengi wa porini: intare iratontoma, imbwa iramoka, inka irabira, ihene irahebeba, isake irabika. Kiswahili kina baadhi: simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika, kuku hutetea. Lakini ng'ombe, mbuzi, punda, paka na ndege wengi wanapewa kitenzi kimoja tu, "kulia". Msemaji wa Kiswahili haoni shida yoyote. Mtoto wa Kigali anaiona, kwa sababu "kulia" ni ndugu wa "kurira", na kwake kurira ni kutoa machozi. Ukimwambia "ng'ombe analia", anataka kujua nani amempiga. Mwalimu asiyejua Kinyarwanda atadhani mtoto hakuelewa, kumbe ameelewa kupita kiasi. Tunasema wazi kwamba katika kipengele hiki mtoto anaingia darasani akiwa tajiri kuliko lugha anayofundishwa, na mwalimu mwerevu ataanza na utajiri huo. (Kuwika na kubika nazo ni ndugu. Na kwa kuwa kwa maandishi "kubika" ni kuwika na pia ni kuweka kitu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeandika "jogoo anaweka" tusimcheke haraka.)

Pamoja na hayo, kasoro inayotusumbua zaidi haiko katika maneno. Iko katika wazo la chati kwamba mnyama mmoja ana sauti ya namna moja. Simba husikika hadi umbali wa kilomita 8 hivi, ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya siku amelala, na jike humwita mtoto wake kwa sauti ndogo inayotoka kifuani. Simba saba walioletwa Akagera kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, baada ya simba wa mbuga hiyo kutoweka katika miaka iliyofuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, wamekuwa fahari ya nchi, na kila mtoto anajua kunguruma kwa ajili yao. Hakuna anayemfundisha kwamba simba pia hunong'ona.

Gorila wa Virunga ni mfano bora zaidi, na ni wetu. Dume mkubwa hupiga kifua, mlio ukavuka msitu. Dume huyo huyo, akiwa ametulia akila, hutoa mguno mzito na mdogo wa kuwaambia wenzake kwamba yuko hapo na hakuna hatari. Waongozaji wa watalii huuiga mguno huo wanapokaribia familia ya gorila ili isishtuke. Hapa sauti kubwa na sauti ndogo si sifa za mnyama. Ni mambo anayoyasema. Na ng'ombe? Aliye karibu na ndama wake hutoa sauti nzito, ndogo, mdomo ukiwa umefumbwa. Ndama akitengwa naye, anafungua mdomo na sauti inakuwa kubwa na kupanda. Mtoto yeyote aliyeishi na ng'ombe, awe wa Nyagatare au wa Bumbogo, anazijua sauti hizi mbili na anajua ng'ombe anataka nini.

Hata huko Ulaya, ambako mtindo wa kuwafundisha watoto sauti kwa wanyama una historia ndefu, waliofanya vizuri hawakumfungia mnyama katika safu. Sergei Prokofiev alipotunga hadithi ya muziki ya Petro na mbwa mwitu, Moscow, mwaka 1936, alimpa kila mhusika ala yake: ndege alipewa filimbi, paka klarineti, mbwa mwitu pembe tatu za kupulizwa, na bata ala ya obo. Mwishoni, bata akiwa amekwisha kumezwa mzima, ile obo yake inasikika tena, kwa mbali na kwa unyonge, kutoka tumboni mwa mbwa mwitu. Mnyama ni yule yule na ala ni ile ile, lakini sauti imepungua kwa sababu ya pale alipo. Mtoto wa miaka mitano anaelewa bila kuelezwa.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakasema kwamba tunalibebesha mzigo mkubwa somo la michezo. Mwalimu ana watoto wengi katika chumba kimoja, jirani yake anafundisha hesabu nyuma ya ukuta mwembamba, na chati ya simba na paka inamsaidia kuwatuliza. Hoja hii tunaiheshimu, na ndiyo inayotutia wasiwasi. Katika masomo mengi tuliyohudhuria, "sauti ndogo" iligeuka kuwa jina jingine la adabu. Paka akawa mtoto mzuri, simba akawa mkorofi. Somo la kusikia likawa somo la kunyamaza. Kwa mtoto anayeanza lugha mpya hili si jambo dogo, maana anayefundishwa kwamba sauti yake kubwa ni kosa hatathubutu kuitamka "ng'ombe" mbele ya wenzake, na bila kuitamka mara ishirini vibaya hatafika kwenye ya ishirini na moja.

Kuna jingine linalotuhusu sisi wa idara hii moja kwa moja. Kinyarwanda hutofautisha maneno kwa toni na kwa urefu wa irabu. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesema "barabara" bila kujali mkazo uko wapi hajui kama amesema njia ya magari au amesema sawasawa. Tunatumia wiki nzima ya muhula kumfafanulia jambo ambalo sikio lake lingeweza kuzoezwa akiwa na miaka minne, kwa jogoo na njiwa. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi hii kwa sheria ya mwaka 2017, mazungumzo mengi yamekuwa juu ya vitabu na walimu wa sekondari. Masikio ya watoto hayajazungumziwa sana.

Kwa wanafunzi watakaokwenda mazoezini muhula ujao, tunapendekeza chati ibaki kwenye mkoba siku ya kwanza. Watoto wafumbe macho, wasikilize kilichopo: kunguru juu ya paa, mbwa wa jirani, pikipiki inayopita (ambayo wao huiita "moto", na mwalimu aeleze mapema kwamba kwa Kiswahili moto unaunguza). Waseme kwa lugha yoyote kama sauti ni kubwa au ndogo, kisha kama ni nyembamba au nzito, na Kiswahili kije juu ya kile walichokwisha kusikia. Mnyama wa kwanza awe ng'ombe, kwanza akiwa na ndama wake, halafu akiwa ametengwa naye. Mtoto mmoja awe ng'ombe, mwingine awe ndama nje ya mlango, na mlango ufungwe. Simba aje wiki ya pili, na aje amelala.