Mkanda Haukuwa wa Kupoteza

Filamu ya uhalifu wa mjini ina gharama zake zinazojulikana: magari ya kufukuzana, milio ya bunduki, vioo vya kuvunjwa, barabara ya kufungwa kwa kibali. Viondoe vyote hivyo, na wengi watakuambia hakuna filamu iliyobaki. Christopher Nolan, alipokuwa bado kijana asiyejulikana jijini London, aliviondoa akabaki na mlango, chumba na sanduku la siri za mwenye nyumba. Filamu yake ndefu ya kwanza, Following, ilitoka mwaka 1998. Bajeti yake hutajwa kuwa dola 6,000 hivi.

Kisa ni cha kijana asiye na kazi, anayejiita mwandishi, ambaye huwafuata mitaani watu asiowajua ili apate cha kuandika. Siku moja mmoja wa anaowafuata anamgeukia. Ni Cobb, mwizi mtanashati anayevunja nyumba za watu, na anachokitamani zaidi ya mali ni kupekua maisha yao. Wazo hilo lilimjia Nolan baada ya wezi kuingia alikokuwa akiishi. Akajiuliza walifikiria nini walipokuwa wakipekuapekua vitu vyake. Ufundi ulianzia hapohapo kwenye kuchagua kisa. Wizi wa aina hiyo unahitaji nyumba tu, na nyumba za kuazima kwa wazazi na marafiki zilikuwepo.

Kilichokuwa ghali ni mkanda. Filamu ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, na kila dakika ya mkanda ililipiwa mara mbili, kwanza kununuliwa, kisha kusafishwa. Mazoezi hayakugharimu kitu. Basi waigizaji walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa, kama watu wanaoandaa mchezo wa jukwaani, ili kamera ikiwashwa sini imalizike kwa kupigwa mara moja au mbili. Kwa kuwa karibu wote walikuwa na kazi zao, walikutana Jumamosi, na kazi ikachukua takriban mwaka mzima. Nolan mwenyewe aliishika kamera mkononi. Taa zilikuwa chache, hivyo mwanga wa dirishani ukafanya kazi ya taa, na rangi nyeusi na nyeupe ikageuza vivuli vya vyumba vile kuwa vitisho. Alifanya kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa pungufu, akapima mara nyingi kabla ya kushika mkasi.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika mpangilio wa matukio. Hadithi imekatwakatwa: tunaona ya kesho kabla ya ya leo, kisha tunarudishwa nyuma. Mtazamaji angeweza kupotea kabisa, lakini mhusika mkuu anavaa saa usoni na mwilini. Mwanzoni ana nywele ndefu na nguo ovyo. Baadaye amenyoa na kuvaa suti. Baadaye tena uso wake umevimba kwa kipigo. Kwa kinyozi, suti moja na vipodozi, filamu inatuambia tuko wapi katika kisa, bila maandishi wala maelezo. Na mkato ule una sababu. Kijana huyu anadhani anaifuata hadithi, kumbe yeye ndiye anayetegewa mtego, na sisi tunapapasa gizani pamoja naye mpaka dakika za mwisho za filamu hii yenye urefu wa takriban dakika 70.

Sifa hizi zisiende kwa umaskini. Umaskini peke yake umezaa filamu mbovu nyingi kuliko nzuri. Sifa ni za mtu aliyehesabu alichonacho, akaandika kisa kinachotoshea hesabu hiyo, kisha akatumia kwa wingi kile kisichouzwa, yaani muda wa kujiandaa.

Leo kijana wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye simu nzuri anaweza kurekodi kutwa nzima bila kulipia hata dakika moja ya mkanda. Urahisi huo ni neema, ila umeondoa hofu iliyokuwa ikiwalazimisha watu kufanya mazoezi. Matokeo tunayaona: sini ndefu, maneno ya kubahatisha, kamera inayosubiri mwigizaji akumbuke anachotaka kusema. Mwongozaji kijana, irudishe hofu hiyo kwa hiari yako. Jiwekee sharti kwamba kila sini itapigwa mara mbili tu, kisha uwaite waigizaji wako wafanye mazoezi mpaka mara hizo mbili ziwatoshe.