Akrabu ya Nne

Msafiri aendaye kaskazini au kusini, hata akiivuka ikweta na kushuka mpaka mwisho wa bara, hana haja kubwa ya kuigusa saa yake. Bali yule aendaye mashariki au magharibi ndiye ambaye, kwa kila nyuzi kumi na tano za longitudo azikatazo, jua humdai saa nzima au humlipa saa nzima, na kwa ajili ya taabu yake huyo ndipo mafundi wa Uswisi walipoketi kufikiri. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti iliyoanza kuchukua abiria wa kulipa katika safari za ratiba, nayo ni Comet ya shirika la BOAC la Uingereza, iliondoka London ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone hata ikafika Johannesburg, na katika mwendo wote huo wa maelfu ya maili tafauti ya saa baina ya mji wa kwanza na wa mwisho haikufika hata saa mbili. Ndege za Pan American zilizokuwa zikiikata bahari ya Atlantiki kutoka New York zilikuwa na dhiki nyingine kabisa, kwani baina ya New York na London pana saa tano, na rubani aliyelala New York akaamka London alikuwa na mwili wa huku na hesabu ya kule, naye ilimlazimu kuandika daftari la safari kwa majira ya Greenwich. Si ajabu, basi, kwamba saa ya Rolex iitwayo GMT-Master ilitoka katikati ya miaka ya 1950 kwa haja ya marubani wa Pan American, wala haikutoka kwa njia ile ya Afrika ambayo ilitangulia.

Saa hiyo ya kwanza, namba 6542, ilitatua tatizo kwa njia nyepesi. Juu ya akrabu tatu zilizozoeleka iliongezwa ya nne, yenye ncha ya pembetatu, izungukayo uso mara moja tu kwa mchana na usiku badala ya mara mbili. Na pembeni ya kioo ikavishwa pete yenye tarakimu za saa ishirini na nne, iwezayo kuzungushwa kwa mkono. Akrabu ya saa na hii ya nne zilikuwa zimefungamana, moja ikienda na ya pili inakwenda, kwa hiyo kazi yote ya kutafuta saa ya mji wa pili ilifanywa na pete: rubani aliigeuza kwa kiasi cha tafauti ya miji miwili, akasoma akrabu ya nne juu ya tarakimu zilizohamishwa. Ni ufumbuzi mzuri kwa mtu mwenye kawaida ya kupiga hesabu. Lakini alipofika mji mgeni na kutaka akrabu kubwa ziseme majira ya mji huo, ilimbidi aivute saa yote nje ya wakati wake, dakika na saa pamoja, kisha aitie majira upya, na usahihi aliokuwa ameutunza kwa wiki nzima ukapotea kwa dakika moja ya vidole.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe ninalotaka kulieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitoka GMT-Master II, na ndani yake akrabu ya saa ilikuwa imepewa uhuru. Ili kuona ukubwa wa kazi hiyo yafaa kukumbuka kwamba katika saa ya kawaida akrabu ya dakika na ya saa zimeunganishwa kwa magurudumu yenye meno, ya dakika ikizunguka mara kumi na mbili ndipo ya saa ikamilishe duru moja, wala huwezi kuisogeza moja usiisogeze ya pili. Mafundi waliligawa gurudumu la saa mafungu mawili yaliyolaliana. La chini likaachwa katika utii wake wa zamani kwa dakika; la juu, lenye kuichukua akrabu, likachongwa kwa umbo la nyota yenye ncha kumi na mbili, likashikwa juu ya lenzake kwa kamani ndogo iingiayo baina ya ncha na ncha. Nguvu ya kamani hiyo imepimwa kwa hikima, kwani inashinda mzigo wote wa mwendo wa kila siku, ndiyo maana mafungu mawili huzunguka kama kitu kimoja, ilhali inashindwa na vidole vya mtu, ndiyo maana kifundo cha ubavuni mwa saa kikigeuzwa nyota huruka ncha moja, yaani nyuzi thelathini, yaani saa moja kamili, wala gurudumu la chini halina habari. Na kwa kuwa akrabu ya nne hupata mwendo wake kwa lile la chini lisilosumbuliwa, nayo hubaki mahali pake, ikiendelea kusema saa ya nyumbani. Dakika hazikusimama, sekunde hazikusimama; saa imehamia nchi nyingine bila ya kukatiza pumzi.

Saa niliyokaa nayo miezi kadhaa ni ya chuma, ya umbo lililoanza kutoka mwaka 2018, namba 126710BLRO, yenye kipenyo cha milimita 40 na pete ya rangi mbili, nyekundu na buluu. Niliitia akrabu ya nne majira ya Dar es Salaam, nikaiacha hivyo kwa kipindi chote, hali nikienda na kurudi Maskati na pengine London. Kwenda Maskati ni mruko mmoja wa mbele. Unakifungua kifundo kwa kukizungusha, unakivuta hatua moja, unasikia kwa vidole kugota kwa ncha ya nyota, unakirudisha na kukikaza, na kazi imekwisha kabla ya jirani wa kiti cha pili hajafungua mkanda wake. Ukikivuta hatua ya pili, hapo ndipo sekunde husimama na dakika pamoja na akrabu ya nne hutiwa majira. Jambo hilo nililifanya siku ya kwanza tu, kwa kusikiliza milio ya saa ya redioni, na baada ya hapo sikuwa na sababu ya kulirudia. Kiwanda kimejiwekea sharti la kutozidi wala kupungua sekunde mbili kwa siku, na gurudumu la mizani linapiga mapigo 28,800 kila saa. Lakini usahihi wa namna hii hauna faida kwa msafiri ambaye kila uwanja wa ndege unamlazimisha kuuvunja, na nionavyo mimi ile nyota ya ncha kumi na mbili imefanya zaidi kuuhifadhi usahihi kuliko sifa nyingine yoyote iliyomo ndani.

Zipo saa za thamani ndogo zaidi, na nyingine si ndogo, ambazo ndani yake uhuru umepewa akrabu ya nne badala ya ile ya saa. Hizo zamfaa mtu akaaye kwake na kupiga simu ng'ambo, kwani huitia akrabu ya nne majira ya mwanawe aliyeko Toronto na yeye hahami. Kwa asafiriye hasa, hizo humrudisha kwenye taabu ya rubani wa mwaka wa 1955. Mwenye kutaka kununua na aangalie jambo hili mwanzo, kabla ya jina lililoandikwa usoni.

Tarehe nayo imefungwa na nyota ya juu, si na gurudumu la chini, na hili lastahili kusifiwa. Mtu aliyetoka Dar es Salaam usiku wa Jumanne, saa nane kwa hesabu yetu, akaitia saa yake majira ya New York wakati wa baridi, atairudisha akrabu miruko minane. Ikipita usiku wa manane kwa kurudi nyuma, dirisha la tarehe nalo hurudi nyuma lenyewe, likasema Jumatatu ya huko haijaisha. Angeweza mtengenezaji kuifunga tarehe na saa ya nyumbani, na zipo hoja za kufanya hivyo, lakini msafiri huulizwa tarehe na karani wa mahali alipo, wala haulizwi na watu wa kwao.

Sasa niseme juu ya pete. Ya kwanza ilikuwa ya bakelaiti, nayo ilikuwa ikipasuka. Ikafuatwa na ya aluminiamu, ambayo jua liliifubaza mpaka nyekundu ikawa ya waridi, na wapo leo wakusanyaji wanaoilipia hiyo ya kufubaa fedha nyingi. Tangu mwaka 2005 kiwanda kilianza kutumia kauri. Ugumu ulikuwa katika rangi mbili, kwa sababu kauri haipakwi rangi juu. Rangi yake imo ndani ya unga wenyewe kabla ya kuchomwa, na kuunganisha vipande viwili kungeacha mshono. Njia waliyoivumbua ni kuifinyanga pete nzima ikiwa nyekundu, kisha, kabla ya kuchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,600, nusu yake kuinywesha maji yenye chumvi za madini ambazo ndani ya moto huigeuza nyekundu kuwa buluu. Pete ni moja, isiyo na kiungo, na mpaka wa rangi ni mkali kama uzi. Ya buluu na nyeusi ilitangulia mwaka 2013, na hii ya nyekundu na buluu ikafuata mwaka 2014, kwanza juu ya dhahabu nyeupe.

Rangi hizo si pambo. Nyekundu yaanza penye tarakimu ya 6 ikaishia penye 18, na buluu ndiyo iliyosalia, kwa maana ya mchana na usiku. Basi akrabu ya nne ikiwa juu ya nyekundu, nyumbani kumekucha na simu yaweza kupigwa. Kwa mtu wa Geneva mgawanyo huu ni wa kukadiria tu, maana Desemba jua lake huchelewa sana kuchomoza na Juni hukataa kutua. Kwetu pwani, karibu na ikweta, jua halipotoki mbali na mipaka hiyo mwaka mzima, na mahali pale pale rangi zinapobadilika ndipo wazee wetu walipoanzia hesabu ya saa, ya mchana upande mmoja na ya usiku upande wa pili. Nilikuwa nikiitazama akrabu ile ikikaribia mpaka wa kushoto, nikajua, nikiwa London penye mvua na mwanga bado, kwamba Dar es Salaam adhana ya magharibi imo njiani. Sidhani kama walioibuni waliwafikiria watu wa pwani hii, lakini saa hii ni kweli zaidi kwetu kuliko kwao.

Mengine nitayapita kwa haraka. Mkanda una kiungo cha kuuongeza milimita 5 bila ya chombo, na katika joto la Maskati, au saa ya sita ya safari ya ndege mkono unapovimba, hicho ni kitu cha kushukuru kila siku. Nguvu ya kamani kuu hudumu takriban saa 70, kwa hiyo saa iliyovuliwa Ijumaa jioni huikuta ikienda Jumatatu asubuhi. Maji haiyaogopi.

Ila upo mpaka ambao akrabu ya nne haiwezi kuuvuka, na sharti usemwe wazi kwa kuwa watu wetu wengi huenda Bara Hindi kwa biashara na matibabu. Nyota ina ncha kumi na mbili na kila ncha ni saa kamili, ilhali Mumbai iko saa mbili na nusu mbele ya Dar es Salaam, Tehran iko nusu saa tu mbele, na Kathmandu ina robo zake. Akrabu ya dakika ni moja kwa miji yote miwili, na hakuna namna ya kuifanya iseme dakika tano kwa huku na thelathini na tano kwa kule. Mwenye kufika Mumbai ana njia mbili: ama airushe akrabu ya saa mara mbili na nusu iliyobaki aihesabu kichwani kila atazamapo, ama aivute saa mpaka hatua ya pili, aisimamishe, aitie dakika za Mumbai, na aisome akrabu ya nyumbani kwa kupunguza nusu. Mimi ningechagua ya kwanza, na kuziacha dakika kama zilivyo.